Je, kompyuta kuukuu yaweza kuhimili michezo mipya?

Historia ya michezo iliyotengenezwa katika vitongoji vya Washington yaonyesha namna uzee wa kompyuta ulivyobadilika maana katika muda wa miaka 40.

Msikilizaji aliyepata kununua kompyuta iliyokwisha kutumika, iwe ni Kariakoo mjini Dar es Salaam, katika barabara ya Luthuli mjini Nairobi au katika duka la mitumba huko Maryland, Marekani, analifahamu swali hili. Kijana wa nyumbani amesikia habari za mchezo mpya wa video. Anataka kujua iwapo mashine iliyo mezani itauweza. Jibu la muuzaji mara nyingi ni moja: nunua nyingine. Jibu la historia ni refu zaidi, na lina faida kubwa kwa mwenye mfuko mwembamba.

Watengenezaji wa michezo hutoa jibu rasmi la swali hilo kwa mistari michache, ambayo zamani ilichapishwa nyuma ya boksi na siku hizi huwekwa kwenye duka la mtandao. Mistari hiyo hutaja kiwango cha chini: kasi ya prosesa, ukubwa wa kumbukumbu, aina ya kadi ya picha na nafasi inayohitajika katika diski. Anayeisoma mistari hiyo kwa kufuata miaka, mchezo baada ya mchezo, huona jinsi kompyuta zinavyozeeka, na huona pia ni nani anayezizeesha.

Eneo la Washington ni mahali pazuri pa kuisoma. Mji mkuu huo unajulikana ulimwenguni kwa siasa, lakini kaskazini yake, katika jimbo la Maryland, michezo ya kompyuta imekuwa ikitengenezwa tangu miaka ya 1980. Mwaka 1982 Sid Meier na Bill Stealey walianzisha kampuni ya MicroProse huko Hunt Valley, karibu na Baltimore. Mwaka 1986 Christopher Weaver alianzisha kampuni ya Bethesda Softworks katika mji wa Bethesda, unaopakana na Washington. Baadaye kampuni hiyo ilihamia Rockville, mwendo mfupi kaskazini mwa hapo, na ndiko ilikojipatia umaarufu wa kimataifa.

Enzi ya kubana matumizi

Waandishi wa programu wa wakati huo walifanya kazi kama mpishi mwenye kibaba kimoja cha unga na wageni wengi. Mchezo wa Civilization, uliotolewa na MicroProse mwaka 1991, ulimwezesha mchezaji kuongoza taifa kutoka zama za kale hadi safari za angani, na wote uliendeshwa ndani ya kumbukumbu ya kilobaiti 640. Picha moja inayopigwa kwa simu ya leo kwa kawaida huchukua nafasi kubwa kuliko hiyo.

Huko Rockville mambo yalikuwa hayo hayo. Mwaka 1994 Bethesda ilitoa mchezo wa The Elder Scrolls: Arena, uliohitaji megabaiti 4 za kumbukumbu. Miaka miwili baadaye ulikuja Daggerfall, uliohitaji megabaiti 8. Daggerfall ulikuwa na nchi pana yenye maelfu ya miji, vijiji na mapango. Hakuna kikundi cha wachoraji ambacho kingeweza kuchora yote hayo kimoja kimoja, wala diski za wakati ule zisingeyabeba. Watengenezaji walitumia kanuni za hesabu, wakaunganisha vipande vile vile kwa namna mbalimbali, na dunia kubwa ikapatikana kutokana na vitu vichache.

Pamoja na ustadi huo, mashine zilizeeka upesi sana. Mwaka 1965 Gordon Moore, aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Intel, alikuwa ameeleza kwamba idadi ya vijisehemu vinavyoweza kuwekwa katika kipande kimoja cha silikoni ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 alirekebisha makadirio yake na kusema ni kila baada ya miaka miwili hivi. Katika miaka ya 1990 kasi hiyo ilionekana waziwazi madukani. Kompyuta iliyokuwa fahari ya nyumba leo, baada ya miaka mitatu ilikuwa taabani.

Mfano ni mchezo wa Morrowind, uliotolewa na Bethesda mwaka 2002. Kwa mtumiaji wa Windows XP ulihitaji megabaiti 256 za kumbukumbu, yaani mara 32 ya zile zilizotakiwa na Daggerfall miaka sita tu kabla ya hapo. Ulihitaji pia kadi ya picha yenye uwezo wa kuchora maumbo ya pande tatu, kifaa ambacho kompyuta nyingi za mwaka 1996 hazikuwa nacho. Mwenye mashine ya miaka sita hakuwa na la kufanya. Ilikuwa imezeeka kweli.

Morrowind ulitengenezwa pia kwa ajili ya Xbox, mashine maalumu ya michezo ya kampuni ya Microsoft, ambayo ilikuwa na megabaiti 64 tu za kumbukumbu. Todd Howard, mkurugenzi wa michezo wa Bethesda, amesimulia hadharani namna walivyoikwepa shida hiyo. Kumbukumbu ilipokaribia kujaa, mchezo uliizima Xbox na kuiwasha upya kimyakimya, huku mchezaji akidhani anasubiri tu ukurasa mwingine wa mchezo ufunguke. Mtengenezaji akitaka mashine dhaifu iweze, aghalabu hutafuta njia.

Mashine isiyojua lugha

Mwaka 2006 ulitoka mchezo wa Oblivion. Prosesa ya gigahezi 2, megabaiti 512 za kumbukumbu na kadi ya picha ya megabaiti 128 ndivyo vilivyokuwa kiwango cha chini. Wachezaji wengi waliokuwa na prosesa na kumbukumbu ya kutosha walishangaa kuona mchezo ukikataa kabisa kufunguka.

Sababu haikuwa udhaifu wa mashine. Kadi za picha za wakati huo zilikuwa zimeanza kupokea programu ndogondogo zinazoieleza kadi namna ya kupaka nuru, vivuli na mng'aro wa maji. Kadi iliyotengenezwa miaka michache kabla haikuzielewa amri hizo mpya. Ni kama mfanyakazi hodari anayepewa maagizo kwa lugha asiyoijua: nguvu anazo, lakini kazi haianzi.

Ndipo wapenzi wa mchezo huo, wasioajiriwa na kampuni, walipoandika programu iliyoitwa Oldblivion. Programu hiyo ilibadilisha amri mpya kwa amri za zamani ambazo kadi za kizazi kilichotangulia ziliweza kuzifuata. Maji hayakung'aa sana na majani yalipungua, lakini mchezo ulifunguka na hadithi ikachezeka. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Oldblivion ilithibitisha kwamba mstari wa kiwango cha chini ni uamuzi wa mtengenezaji kuhusu wateja atakaowahudumia. Haupimi kila linalowezekana.

Washington iliyokatwa vipande

Miaka miwili baada ya hapo, Oktoba 2008, kampuni hiyo iliyageukia mazingira yake yenyewe. Mchezo wa Fallout 3 unaionyesha Washington na vitongoji vyake miaka mingi baada ya vita vya nyuklia. Jengo la Bunge limebomoka na mnara wa kumbukumbu ya George Washington umebambuka kuta zake. Katika mwaka huo, matangazo makubwa ya mchezo huo yenye picha za mji ulioharibiwa yalibandikwa katika kituo cha treni za chini ya ardhi cha Metro Center, katikati ya Washington halisi, na wasafiri wakayapita kila siku wakielekea makazini.

Aliyecheza Fallout 3 anakumbuka kwamba katikati ya mji hapavukiki moja kwa moja. Vifusi vimeziba barabara, na mtu hulazimika kushuka kwenye mahandaki ya treni ili atokee mtaa mwingine. Katika hadithi, vifusi hivyo ni matokeo ya mabomu. Katika utendaji wa mashine, vina kazi nyingine: kila mtaa hupakiwa peke yake katika kumbukumbu, na mtaa ulioachwa nyuma huondolewa. Mashine ya Xbox 360 ilikuwa na megabaiti 512 tu, na kiwango cha chini kwa kompyuta yenye Windows XP kilikuwa gigabaiti 1. Mji uliokatwa vipande ulitosha ndani ya mashine za watu wa kawaida.

Muongo wa nafuu

Hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hawakulitambua wakati linatokea. Xbox 360 ilianza kuuzwa mwaka 2005 na mpinzani wake, PlayStation 3, mwaka 2006. Mashine hizo hazibadilishwi vipuri: aliyeinunua mwaka 2005 alibaki na uwezo ule ule hadi mwisho. Kampuni nyingi za michezo, zikitaka kuuza kwa mamilioni ya wenye mashine hizo, zililazimika kuandika michezo inayotosha ndani yake. Hivyo mpaka wa uwezo ukasimama mahali pamoja kwa takriban miaka minane.

Walionufaika ni pamoja na wenye kompyuta kuukuu. Mchezo wa Skyrim, uliotoka Novemba 2011 na kuwa miongoni mwa michezo iliyouzwa sana duniani, ulihitaji gigabaiti 2 za kumbukumbu na ulikubali hata Windows XP, mfumo uliotolewa mwaka 2001. Kutoka Morrowind hadi Skyrim ni miaka tisa, na mahitaji ya kumbukumbu yaliongezeka mara 8. Linganisha na mara 32 katika miaka sita iliyotangulia.

Kizazi kipya cha mashine za michezo cha mwaka 2013 kilikuwa na gigabaiti 8 za kumbukumbu, na Skyrim yenyewe ilipotolewa upya mwaka 2016 ikataka gigabaiti 8 katika kompyuta. Mwaka 2020 vilikuja vifaa vyenye diski za SSD, ambazo hazina sahani inayozunguka na husoma data kwa kasi kubwa. Mchezo wa Starfield, uliotoka Septemba 2023, ulifuata nyayo hizo: gigabaiti 16 za kumbukumbu, gigabaiti 125 za nafasi, na diski ya SSD ikawa sharti. Kutoka megabaiti 4 za Arena hadi gigabaiti 16 za Starfield ni ongezeko la zaidi ya mara 4,000 katika miaka 29.

Baadhi ya wachezaji walilalamika kwamba Starfield ulikwenda polepole hata katika kompyuta nzuri. Todd Howard alipoulizwa kuhusu jambo hilo katika mahojiano, alijibu kwamba kazi ya kuurekebisha ilikuwa imefanyika, na kwamba huenda baadhi ya watu wakahitaji kuboresha kompyuta zao. Jibu hilo liliwaudhi wengi. Hata hivyo, haki itendeke. Miongoni mwa prosesa zilizotajwa katika kiwango cha chini cha Starfield ni Intel Core i7-6800K, iliyotolewa mwaka 2016. Ilikuwa prosesa ya bei ghali ilipotoka, lakini ilikuwa na umri wa miaka saba na bado ilikubaliwa. Mashine ya miaka sita mwaka 2002 haikuwa na bahati kama hiyo.

Mfano mwingine ulikuja Aprili 2025, pale Oblivion ulipotolewa upya kwa sura mpya. Hadithi ni ile ile ya mwaka 2006, lakini kiwango cha chini sasa ni gigabaiti 16 za kumbukumbu, yaani mara 32 ya megabaiti 512 za awali. Tofauti hiyo yote imekwenda kwenye nuru, vivuli na ngozi za nyuso. Asiyevihitaji bado anaweza kuucheza mchezo wa awali katika mashine ambayo wengine wameitupa.

Kuzeeka na kuzeeshwa

Kutokana na historia hiyo, mtu angetarajia kwamba huu ni wakati mzuri wa kumiliki kompyuta ya zamani. Vifaa vinadumu kuliko zamani. Lakini upanga umehamia mahali pengine.

Skyrim wa mwaka 2011, kwa upande wa kompyuta, hauendeshwi bila Steam, duka la mtandao la kampuni ya Valve. Januari 1, 2019, Steam iliacha kuzihudumia kompyuta zenye Windows XP na Windows Vista. Januari 1, 2024, ikaacha kuzihudumia zenye Windows 7 na Windows 8. Prosesa haikuharibika usiku huo, wala kumbukumbu haikupungua. Mwenye mashine alikuwa amelipia mchezo ambao mashine yake iliuweza, lakini mlango wa kuufikia ukaanza kufungwa na mtu mwingine.

Machi 2021 Microsoft ilikamilisha ununuzi wa ZeniMax Media, kampuni mama ya Bethesda iliyo Rockville. Tangu hapo mwenye Starfield na mwenye Windows ni mmoja. Oktoba 14, 2025, Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, ikawataka watumiaji wahamie Windows 11, na kutoa mwaka mmoja zaidi wa kinga ya usalama kwa wanaojiandikisha. Windows 11 hudai kijisehemu maalumu cha usalama na prosesa za miaka ya karibuni, kwa sehemu kubwa zile zilizotolewa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017. Prosesa ya i7-6800K, ambayo mchezo wa kampuni hiyo hiyo unasema inatosha, haimo katika orodha ya zile zinazokubaliwa na Windows 11.

Microsoft inaeleza kuwa masharti hayo ni kwa ajili ya usalama, na hoja hiyo ina uzito kwa mtu anayetumia kompyuta kulipa bili au kutuma fedha. Hata hivyo jambo limedhihirika. Zamani kompyuta ilizeeka kwa kushindwa na kazi. Siku hizi aghalabu huzeeshwa kwa kukataliwa, hali bado inaiweza kazi.

Safari ya mashine iliyokataliwa

Kwa wasikilizaji wa Afrika ya Mashariki, tofauti kati ya kuzeeka na kuzeeshwa ni jambo la maisha. Mashine zinazokataliwa huku hufika kule. Washington yenyewe ina historia katika hilo: Aprili 1996 Rais Bill Clinton alitia saini amri ya kuzitaka idara za serikali kuu kupeleka kompyuta zisizohitajika tena kwenye shule za Marekani. Kompyuta za makampuni na watu binafsi hazikuwa chini ya amri hiyo, na nyingi zimeingia katika biashara ya kimataifa ya mitumba.

Nchini Kenya, shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilionyesha kwamba kompyuta kuukuu ikikarabatiwa vizuri hufundisha darasa zima. Nchini Uganda serikali iliona upande wa pili wa sarafu, na mwaka 2009 ikatangaza marufuku ya kuingiza majokofu, kompyuta na televisheni zilizotumika, kwa hofu ya nchi kugeuzwa jalala. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Kompyuta inayofanya kazi ni shule, na isiyofanya kazi ni taka yenye risasi na sumu nyingine.

Tangu Januari 1, 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za vifaa vya umeme zisivuke mipaka bila nchi inayopelekewa kuarifiwa na kuridhia. Marekani ilitia saini mkataba huo mwaka 1990 lakini haijauridhia. Kwa hiyo uamuzi unaofanywa na kampuni moja kuhusu prosesa ipi ikubaliwe huamua pia ni mashine ngapi zitaitwa taka, na mzigo huo utatua wapi.

Jibu kwa mwenye mashine

Basi, je, kompyuta kuukuu yaweza kuhimili michezo mipya? Mafundi wenye uzoefu huanza kwa kutazama mambo manne. La kwanza ni kumbukumbu, ambayo katika kompyuta nyingi huongezwa kwa gharama ndogo kuliko ya kununua mashine nyingine. La pili ni diski: kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD huipa mashine ya miaka kumi uhai mpya, ingawa hakuiongezei nguvu ya kuchora. La tatu ni kadi ya picha. Katika kompyuta ya mezani hubadilishwa iwapo kisambaza umeme kinaimudu, lakini katika kompyuta nyingi za mkononi haibadilishwi, na hapo ndipo safari hukoma kwa michezo mikubwa. La nne husahauliwa: vumbi. Mashine iliyozibwa vumbi hupata joto, na prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Katika miji yenye joto na vumbi, kusafisha feni huweza kurudisha kasi ambayo mwenye mashine alidhani imekwenda na umri.

Baada ya hapo kuna njia ya kupunguza ukubwa wa picha, vivuli na umbali wa kuona ndani ya mchezo wenyewe. Kuna pia hazina ya michezo ya kabla ya mwaka 2013, ambayo mashine nyingi za sasa za mitumba huimudu bila shida. Bethesda yenyewe iliutoa Arena bure mwaka 2004 na Daggerfall mwaka 2009. Ajabu ni kwamba michezo hiyo imekuwa migumu kuendeshwa katika kompyuta mpya, ambazo zimesahau lugha ya zamani. Huhitaji programu kama DOSBox, inayoifanya mashine ya kisasa ijifanye kuwa ya mwaka 1994. Mashine nzee husaidiwa kuelewa mapya, na mpya nayo husaidiwa kuelewa ya kale. Katika hali zote mbili, watu walioketi na kuandika programu waliamua kwamba kazi hiyo ilistahili jasho lao.

Kwa hiyo, kabla ya kuikubali hukumu kwamba kompyuta imekwisha, mwenye mashine ana haki ya kuuliza swali moja la ziada: imeshindwa, au imekataliwa? Iliyoshindwa ipelekwe mahali taka za umeme zinaposhughulikiwa ipasavyo. Iliyokataliwa ipelekwe kwa fundi.